Tangi la samaki likinuka, usikimbilie sabuni

Nyumba ikianza kunuka, kila mtu hutafuta mtuhumiwa wake. Kwanza hushukiwa choo, kisha ndoo ya taka, kisha dagaa waliosahauliwa kabatini, na mwisho soksi za mtoto. Tangi la samaki lililopo sebuleni hupita bila kuguswa, kwa sababu maji yake yanaonekana meupe na samaki bado anaogelea.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Maji kuonekana meupe hakumaanishi kuwa ni salama. Hilo ni kweli kwa maji ya kunywa na ni kweli zaidi kwa maji anayoishi samaki, kwa kuwa kiumbe huyo anakula, anapumua na kujisaidia mahali palepale.

Mzumbe, wilayani Mvomero, iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Morogoro mjini, chini ya Milima ya Uluguru. Wengi wanaijua kwa chuo kikuu na shule yake ya sekondari. Ufugaji wa samaki si jambo geni mkoani Morogoro, watu wanachimba mabwawa na kufuga perege na kambare kwa ajili ya mboga na biashara. Kigeni kidogo ni samaki anayefugwa ili atazamwe tu.

Katika nyumba moja ya huko, samaki wa aina hiyo waliingia kwa njia ya ahadi. Mtoto wa kike wa darasa la nne alishika nafasi ya tatu darasani, na mama yake akatimiza neno lake. Samaki wawili wa dhahabu walitoka mjini ndani ya mfuko wa plastiki, wakawekwa kwenye bakuli la kioo lenye ujazo wa lita sita hivi, pembeni ya televisheni.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kila aliyepita aliwarushia chochote: punje za chakula chao, makombo ya mkate, hata kipande cha chapati. Wiki ya pili shombo likaanza. Baba akafungua madirisha. Mama akapuliza manukato ya chumbani. Wiki ya tatu wageni walikuwa wanakuja, na mama akamwambia dada wa kazi, "Hebu lioshe vizuri hilo bakuli, linaniaibisha."

Dada alifanya kama alivyoagizwa. Alimwaga maji yote, akasugua kioo na kokoto kwa sabuni ya unga, akasuuza, akajaza maji ya bomba na kuwarudisha samaki. Jioni bakuli liling'aa. Asubuhi samaki mmoja alikuwa anaelea ubavu.

"Mama, mbona amekufa wakati tumemsafishia?" mtoto aliuliza.

Mama hakuwa na jibu, na lawama zikaenda kwa aliyekuwa karibu. Umeweka sabuni nyingi, hukusuuza vizuri, siku zote unafanya kazi kwa haraka. Dada aliinamisha kichwa, akaenda kuosha vyombo.

Aliyeleta jibu ni mjomba. Kwa Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akiingia nyumbani neno lake lina uzito, na huyu ana mabwawa mawili ya perege. Mtoto alimwamkia, akamvuta mkono hadi kwenye bakuli. Mjomba aliinama, akanusa, akauliza maswali matatu: maji haya ni ya wapi, mlibadilisha kiasi gani, na wanakula mara ngapi kwa siku.

"Huyu hakufa kwa uchafu peke yake," alisema. "Uchafu ulimchosha, usafi wa ghafla ukammaliza. Mimi pale bwawani nafuga maji. Maji yakiwa mazima, samaki anajifuga mwenyewe."

Kinachonuka ni nini

Samaki hakojoi kama mbuzi au ng'ombe. Sehemu kubwa ya taka za mwili wake hutoka kama amonia kupitia matamvua, yaani mashavu anayopumulia. Chakula kilichobaki, kinyesi na majani yaliyooza huongeza amonia hiyohiyo. Amonia haina rangi, hivyo maji yanaweza kuwa maangavu kabisa huku yakiunguza matamvua ya samaki. Joto likipanda, na maji yakiwa na asili ya chokaa, ukali wake huongezeka.

Katika tangi lililokomaa kuna wafanyakazi wasioonekana. Kundi moja la bakteria hubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Nitrati huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji, na mimea ya majini huitumia kama mbolea.

Bakteria hawa hawaishi sana ndani ya maji yenyewe. Wanashika kwenye kokoto, kwenye kuta za tangi na zaidi kwenye sponji ya chujio. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Ndiyo maana tangi jipya huanza kusumbua wiki ya pili au ya tatu: samaki wapo, taka zipo, wafanyakazi bado hawajatosha.

Sasa tazama sabuni inafanya nini. Inawafuta wale wachache walioanza kazi. Mabaki yake yanaumiza matamvua. Maji ya bomba yanaleta klorini, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu na haibagui vizuri na vibaya. Juu ya hayo, samaki anahamishwa ghafla kutoka maji aliyoyazoea kwenda mengine yenye joto na hali tofauti. Kwa hiyo swali la mtoto lilikuwa na jibu: alikufa kwa sababu walimsafishia, na kwa sababu walichelewa kumsafishia kidogokidogo.

Nusa kabla hujaosha

Harufu hazifanani, na kila moja inaonyesha pa kuanzia.

Shombo kali lenye uozo mara nyingi ni chakula kilichobaki, au kuna kiumbe kilichokufa kikajificha nyuma ya jiwe. Hesabu samaki, hesabu konokono, toa kilichooza, kisha badilisha sehemu ya maji.

Harufu ya yai viza inatoka chini. Kokoto zikiwa nene na hazijakorogwa kwa muda, hewa haifiki, na bakteria wasiohitaji oksijeni hutengeneza gesi yenye harufu hiyo. Gesi hiyo ni sumu kwa samaki. Punguza kokoto zibaki tabaka jembamba, na zisafishe sehemu moja kila wiki kwa kuvuta uchafu kwa mpira. Usizikoroge zote siku moja samaki wakiwemo.

Harufu kali ya mkojo ni dalili kwamba amonia imezidi sana. Samaki atakuwa juu akihema, au amelala chini mapezi yamekunjwa. Hapa usisubiri kesho: badilisha robo hadi theluthi ya maji kwa maji yaliyotayarishwa, acha kulisha kwa siku moja au mbili, kisha rudia siku inayofuata.

Harufu ya udongo uliolowa, na maji ya kijani, hutokana na mwani. Tangi limewekwa juani au taa inawaka muda mrefu mno. Lisogeze mbali na dirisha.

Maji yakiwa na ukungu mweupe kama yaliyotiwa maziwa kidogo, hasa kwenye tangi jipya, ni bakteria walioongezeka ghafla kwa kupata chakula kingi. Punguza chakula na uwe na subira, ukungu huo huisha wenyewe.

Tangi lenye afya halinuki. Ukisogeza pua karibu, utapata harufu hafifu ya mto basi.

Bakuli ni zuri kwa macho tu

Samaki wa dhahabu ni wa jamii ya kapi, na Wachina walianza kuwafuga kwa ajili ya rangi zao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Waliwaweka kwenye madimbwi na mitungi mikubwa. Wale wa kawaida, wenye mwili mrefu, wakipata nafasi wanaweza kufikia sentimita 30. Na wanaishi muda mrefu. Nchini Uingereza, samaki aliyeitwa Tish, aliyepatikana kama zawadi ya mchezo wa tamasha mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43.

Kwa hiyo samaki kufa baada ya wiki tatu si jambo la kawaida, hata kama watu wamelizoea. Samaki mmoja mdogo anahitaji lita 60 hadi 80 kuanzia, yaani madumu matatu hadi manne ya lita 20. Katika bakuli la lita sita, taka za siku moja zinatosha kuharibu maji yote. Beseni kubwa la plastiki lililo safi, ambalo halijawahi kuwekwa sabuni wala kemikali, ni bora kuliko bakuli la kioo linalopendeza.

Joto nalo lina mchango wake. Samaki huyu anapenda maji ya ubaridi, kati ya nyuzi 18 na 24 hivi. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 inaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni, lakini ikifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Ubaridi wa usiku chini ya Uluguru ni nafuu kwake. Meza iliyo karibu na televisheni yenye joto, au chini ya dirisha la jua la mchana, ni mateso.

Kazi ya kila wiki

Badilisha robo ya maji mara moja kwa wiki, na usiyamwage yote. Tumia mpira mwembamba kuvuta uchafu wa chini hadi kwenye ndoo. Usianzishe mvuto kwa mdomo. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha achia.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini iondoke. Dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Maji ya kunywa yaliyotiwa WaterGuard pia yana klorini, hivyo yasitiwe moja kwa moja kwenye tangi hata kama ndiyo maji safi kuliko yote ndani ya nyumba. Wakati wa masika, maji yakija na tope, yaache yatuame kwanza.

Sponji ya chujio isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, si chini ya bomba. Ikitoka na rangi ya kahawia kidogo, usihangaike nayo, hapo ndipo wafanyakazi wanapoishi.

Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Mkate, chapati na ugali ni chakula cha harufu kuliko cha samaki. Mpe mtoto mmoja jukumu la kulisha, wengine wote watazame.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, usilishe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara kwa mara ili yachukue hewa. Umeme ukirudi, suuza chujio kabla ya kuliwasha, kwa sababu maji yaliyolala ndani yake yanaweza kuwa yameoza.

Jambo moja husahauliwa na wengi: dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa nyingi za aina hiyo zina kemikali zenye sumu kali sana kwa samaki, na pampu ya hewa huzivuta na kuziingiza majini. Manukato ya chumbani nayo hayafai karibu na tangi. Tumieni chandarua, au mfunike tangi na kuzima pampu kabla ya kupuliza, kisha mpitishe hewa ya kutosha kabla ya kufunua.

Upande wa watoto

Maji ya tangi yana vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtu, wakiwemo salmonela. Kila anayeingiza mkono anawe kwa sabuni baadaye, na tangi wala mpira usioshewe kwenye sinki la jikoni au beseni la vyombo. Mwenye kidonda mkononi asiguse maji hayo bila glavu. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa jamii moja na wa kifua kikuu, ambaye huingia kwenye mchubuko na kuleta vinundu visivyopona kwa wiki nyingi. Ugonjwa huo hautokei mara kwa mara, lakini mtoto akipata vinundu vya namna hiyo, mwambie daktari kuwa nyumbani mnafuga samaki. Bila taarifa hiyo, ni rahisi kuzunguka na dawa zisizofaa.

Ndoo zinazosubiri klorini iondoke zina hatari mbili. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina cha sentimita chache, hivyo ziwekwe juu au kwenye chumba kinachofungwa. Na ndoo ikisahaulika wiki nzima inakuwa nyumba ya mbu. Ifunike kwa neti inayopitisha hewa, na utumie maji kesho yake.

Maji yaliyotolewa tangini yamwagie mchicha au migomba, kwa kuwa yana mbolea. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Na kama familia imechoka kufuga, samaki asipelekwe kijitoni. Maji yanayoshuka Uluguru yanaingia kwenye mito ambayo watu wanaitegemea, yakiwemo yanayofika Bwawa la Mindu linalohudumia mji wa Morogoro. Samaki wa kigeni akizoea mto, hufukua chini, huchafua maji na kuleta magonjwa kwa samaki wa asili. Mpe mfugaji mwingine, au muulize afisa uvuvi wa halmashauri. Mjini Morogoro pia kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kinachofundisha ufugaji wa viumbe wa majini.

Nani atabeba maji?

Mjomba alipomaliza maelezo yake, alimwita dada wa kazi naye aje asikilize, kwa sababu ndiye anayeshika ndoo. Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema mbele ya mtoto, "Dada, lile kosa halikuwa lako. Nilikutuma kitu ambacho hata mimi nilikuwa sikijui." Dada akajibu, "Haya mama, yameisha."

Huenda hilo ndilo somo kubwa zaidi alilopata mtoto kwenye bakuli lile. Mtoto akiambiwa samaki "amekufa tu", anajifunza kwamba vifo havina sababu. Akiona lawama zikimwangukia asiye na sauti, anajifunza pa kuzielekeza zake siku akikosea. Akielezwa kilichotokea hatua kwa hatua, anaweza kuhuzunika, na bado akabaki na kitu cha kufanya kwa samaki aliyebaki.

Mzazi anayefikiria kununua samaki aanze na hesabu ya maji kabla ya hesabu ya fedha. Tangi la lita 80 linadai lita 20 zilizotayarishwa kila wiki, iwe mvua au kiangazi, iwe bomba linatoka au halitoki. Hilo ni dumu zima, na kuna mtu atakayelibeba. Kama jibu la moyoni ni "dada atafanya", basi dada aulizwe, afundishwe na asaidiwe. Kama ni mtoto, mzazi asimame naye kila wiki hadi azoee.

Anza na tangi, chujio na maji. Samaki wafuate mmojammoja, na chakula kiwe kidogo sana wiki za mwanzo huku ukibadilisha maji mara kwa mara. Mwenye tangi la zamani lenye afya anaweza kukukatia kipande cha sponji yake ili wafanyakazi wahamie kwako mapema. Ukipata vipimo vya kuchovya, pima amonia na nitriti: tangi likishakomaa, zote zinatakiwa kusoma sifuri. Usipopata, pua yako na ratiba ya kila wiki vitakusaidia kwa kiasi kikubwa, mradi harufu ikitokea uitafutie chanzo kabla ya kuchukua sabuni.